Chakula cha jirani kinajifunzwa kando ya mbabula yake

Siku ya posho jioni, katika viwanja vingi vya Goma na Bukavu, kunasikika harufu ambazo bibi wa nyumba hazitambui. Kijana mmoja amefunga tilapia ndani ya jani la mgomba, anatafuta liboke kama ile ya Mbandaka. Dada wa nyumba ya pili anapima mchele na viungo vya pilau, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mtu wa Mombasa akimwelekeza hatua kwa hatua. Wengine wanajaribu samaki na wali wa Senegal, wengine keki ya ndizi iliyookwa kwenye sufuria juu ya makala. Kiisha picha inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, pongezi zinafika, na juma linalofuata kunatafutwa kitu kingine kipya.

Ni mwenendo mzuri. Kijana wa kiume anayeingia jikoni kwa mapenzi yake mwenyewe ni jambo ambalo zamani lingeitisha kikao cha familia. Na nyumba iliyozoea bugali, sombe na maharagi kila siku haipotezi kitu ikionja ladha ya watu wengine.

Lakini kuna jambo halijakaa sawa. Kijana huyo anayejua namna watu wa Dakar wanavyopika samaki hajui familia ya Shabunda inayopanga chumba cha nyuma inakula nini jioni. Hajawahi kuuliza. Mama wa Fizi anayeuza ndagala kwenye kona, mwanafunzi aliyetoka Butembo, mjane aliyekimbia kijiji chake Masisi na watoto wanne: wote wako hapo, hatua ishirini, na kila mmoja ana mapishi ambayo hayamo kwenye simu yoyote. Hakuna anayewafuata. Chakula cha mbali kinaheshimiwa kwa sababu kiko mbali. Kile cha jirani kinachekwa, au kinaogopwa.

Tuanze na kucheka. Majina mengi ya dharau ambayo makabila ya mashariki yanapeana yanaanzia kwenye sahani. Hawa wanakula viwavi, wale wanakula panya wa shamba, wengine wanaishi kwa maziwa kama watoto, wengine hawashibi bila muhogo. Mtoto anayasikia nyumbani kabla hajaanza shule. Miaka michache baadaye, vita vikipamba moto, maneno hayo hayo yanarudi yakiwa yamebeba kitu kibaya zaidi. Mtu akishazoea kusema kwamba wale wanakula uchafu, haendi mbali kabla ya kusema kwamba wao wenyewe ni uchafu.

Na ni dharau isiyo na msingi, kwa sababu karibu kila kitu ambacho wakaaji wa Kivu wanakiita chakula chao cha asili kilitoka kwa wengine. Muhogo ulivuka bahari kutoka Brazil kwa merikebu za Wareno, ukafika pwani ya Kongo katika karne ya 16 kabla ya kupenya hadi huku milimani. Mahindi, maharagi na viazi navyo ni vya Amerika. Jibini ya Masisi, ile ya mviringo ambayo wasafiri wanaibeba hadi Kinshasa, ni ufundi uliokuja na wamisionari wa Ulaya. Hata sambaza, samaki ambao Goma na Bukavu zinajivunia mbele ya wageni, hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana. Mtu wa Uvira anayewaona sokoni Goma anawajua tangu utoto wake kwa jina la ndagala.

Kwa hiyo kupika cha wengine si mtindo mpya wa vijana wenye simu. Mababu walifanya hivyo. Tofauti iko katika namna walivyojifunza, na tofauti hiyo ina bei yake.

Mahindi yanatoa mfano. Watu wa Mexico waliyachemsha pamoja na chokaa kabla ya kuyasaga, tangu karne nyingi. Wazungu walipoyabeba kwenda Ulaya walichukua mbegu, wakaacha chokaa, kwa sababu hawakuona ina kazi gani. Kumbe chokaa ndiyo inayofungua vitamini ya niasini iliyojificha ndani ya punje. Katika karne ya 18, maskini wa Hispania na wa kaskazini mwa Italia, walioishi kwa mahindi karibu peke yake, walianza kuugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Daktari Gaspar Casal aliwaona wagonjwa hao huko Asturias mwaka 1735. Walikuwa wamechukua chakula bila kumsikiliza mwenye chakula.

Congo haina haja ya kwenda kutafuta somo hilo Ulaya. Katika Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Miaka ya 1960, watafiti Wabelgiji, miongoni mwao François Delange na André-Marie Ermans, walijiuliza kwa nini uvimbe wa shingoni ulikuwa umeenea kaskazini mwa kisiwa na kuwa nadra kusini, wakati upungufu wa madini ya joto ulikuwa karibu sawa pande zote mbili. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 1971, ulielekeza kidole kwenye muhogo. Muhogo usiotayarishwa vizuri unabaki na sumu ya sianidi. Mwili ukipambana nayo unatengeneza kitu kinachozuia madini ya joto kufanya kazi yake.

Kuna baya zaidi ya hilo, nalo ni konzo. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1938 na daktari Trolli kutoka eneo la Kwango, na jina lake katika Kiyaka lina maana ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hali hiyo hairudi nyuma tena. Unawakamata hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, katika familia zinazokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha na zisizopata nyama, samaki wala maharagi. Miaka ya mwisho ya 1980 na ya kwanza ya 1990, huko Bandundu, watafiti waligundua sababu iliyowashangaza. Barabara ya lami kwenda Kinshasa ilikuwa imefungua soko, wanunuzi walikuwa na haraka, na mama waliokuwa wakiloweka muhogo siku tatu wakaanza kuuloweka siku moja. Muhogo ulikuwa uleule, na mikono iliyoutayarisha ilikuwa ileile. Siku mbili tu ziliondolewa, na watoto wakapoteza miguu.

Mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa kwamba konzo imeonekana pia katika Kivu ya Kusini, kwenye eneo lililopigwa na vita. Anayejua maisha ya kukimbia hashangai. Familia inayokimbia inang'oa muhogo kabla ya wakati, inakula upesi, haina pipa la kulowekea wala siku tatu za kungoja. Na inapofika mahali pageni, inakuta aina ya muhogo ambayo haijui kama ni mchungu au mtamu. Anayejua ni mwenyeji. Mgeni asipomuuliza, au mwenyeji asipojali kusema, matokeo yataonekana kwa mtoto.

Hapo ndipo simu inaposhindwa. Video ya dakika moja inaonyesha sombe ikiwa kijani, ikitiwa mafuta ya mawese na karanga, mtu anatabasamu. Kutwanga hakuonekani, au kunaonekana kwa nukta tatu. Kuchemsha kumekatwa kabisa. Lakini sombe ni majani ya muhogo, nayo yana sumu ileile. Mchi ndio unaoanza kuifungua, na moto wa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni, ndio unaoifukuza na mvuke. Mtu wa Ulaya au wa Kanada aliyepata majani kwa rafiki Mkongo, akayakata kama mchicha na kuyakaanga dakika tano, anacheza na afya yake. Mama yeyote wa Kadutu angemwambia hivyo kabla hajashika kisu.

Mama huyo huyo anatia ndagala au samaki wa kukauka ndani ya sombe. Wengi wanadhani ni kwa ajili ya utamu. Ni kweli ni tamu. Lakini mwili unahitaji protini za aina fulani ili kuvunja mabaki ya sianidi, na samaki wanazo. Mababu waliounganisha vitu hivyo viwili hawakuwa na maabara, na huenda hawakujua kwa nini, ila waliunganisha, na aliyekuja nyuma yao akarithi sufuria iliyokamilika. Anayeondoa samaki kwa sababu hapendi harufu yake anadhani ameondoa kiungo kimoja tu.

Si kila pishi lina hatari ya namna hii. Mengi yana ufundi tu, na ufundi nao haupatikani bila mtu. Liboke, kwa mfano. Kule Equateur watu wana majani yao ya msituni, mapana na laini. Huku Kivu vijana wanatumia jani la mgomba, ambalo linafaa, lakini likikunjwa bichi linapasuka, mchuzi wote unamwagika kwenye makala, na samaki anatoka mkavu kama kiatu. Jani linapitishwa kwanza juu ya moto, polepole, hadi rangi yake ibadilike na kung'aa, ndipo linakunjika kama kitambaa. Mwenye kujua haelezi jambo hilo, kwa sababu mkono wake unalifanya bila yeye kufikiri. Fumbwa nayo inakatwa nyembamba sana, kama uzi. Aliyeikata kwa upana wa sombe atatafuna hadi kesho na kusema watu wa magharibi hawajui kupika. Kikanda cha Katanga, kinachotengenezwa kwa viazi vya maua ya porini vilivyosagwa na kupikwa na karanga hadi kuganda na kukatwa vipande kama mkate, kinamchanganya hata mpishi mzoefu: hakuna nyama ndani, na anayekula mara ya kwanza anaapa kwamba ameionja.

Basi kwa nini watu hawaendi kwa jirani? Sababu ya kwanza inatajwa kwa sauti ya chini, na haina haja ya kufichwa. Katika Kivu, neno karuho linatosha kufunga milango. Hofu ya kulishwa sumu imekuwa na nguvu kuliko ukarimu. Mtoto anafundishwa asipokee kitu kwa jirani. Sahani iliyofunikwa ikiletwa na mama wa nyumba ya pili inapokelewa kwa shukrani nyingi, kiisha inamwagwa nyuma ya choo. Kila mtu anajua kwamba inafanyika. Mara nyingi anayeshukiwa ni yule wa kabila lingine, yule mgeni, yule mjane. Watu wamefukuzwa mitaani kwa tuhuma kama hizo, na wengine wameuawa, bila uchunguzi wowote.

Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba za umoja na mshikamano. Viongozi wamezitoa nyingi, na sahani bado zinamwagwa. Kinachoweza kuipunguza ni kitu kidogo kuliko hotuba. Sahani inayofika imefunikwa inakuja na maswali. Sufuria ambayo mtu ameikoroga mwenyewe haina maswali. Aliyekaa kando ya mbabula tangu kitunguu kilipokatwa, akashika mchi, akaonja chumvi kwenye kiganja pamoja na mwenyeji wake, ameona kila kilichoingia. Desturi za zamani zililijua jambo hili, ndiyo maana katika jamii nyingi za maziwa makuu mwenye pombe anainywa kwanza mbele ya mgeni. Kupika pamoja ni desturi ileile, imerefushwa tu kwa saa mbili.

Kuna waliowahi kuionja hali hiyo bila kupanga. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya Goma wakaamriwa kuondoka, watu walitawanyika kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Bukavu. Wengi walilala kwa watu wasiowajua. Katika nyumba zilizopokea familia mbili au tatu, hapakuwa na nafasi ya kila mtu kuwasha moto wake. Mama wa mjini na mama wa kijijini walijikuta kwenye sufuria moja. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipoifikia Goma na kisha Bukavu, na kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa Goma zikavunjwa, mambo hayo yalirudi kwa sura chungu zaidi. Hakuna anayetamani shule ya namna hiyo. Ila waliopitia humo wanajua kwamba mtu aliyekuosha mboga pembeni yako mwezi mzima ni vigumu kumwita nyoka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Familia inayokula mara moja kwa siku haina muda wa kujaribu mapishi ya kabila lingine. Ni hoja nzito, na ni kweli kwamba bei ya unga na mafuta haimwachii mama nafasi ya kuharibu sufuria kwa majaribio. Lakini mapishi ya majirani mengi yalizaliwa ndani ya uhaba huo huo. Matembele, majani ya maboga, viazi vitamu vilivyokaushwa, lituma ya Kisangani inayotengenezwa kwa ndizi zilizochemshwa na kupondwa tu: hivi si vyakula vya kifahari. Mama aliyekulia mahali penye muhogo mchungu ana elimu ambayo mama aliyekulia kwenye viazi na maharagi hana, na siku ambayo soko litakuwa na muhogo peke yake, elimu hiyo itakuwa na thamani kuliko hela.

Elimu hiyo pia inaongezeka. Profesa Howard Bradbury wa Australia alibuni njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki ndani ya unga wa muhogo. Unga unachanganywa na maji, unatandazwa kwenye mkeka, usizidi unene wa sentimita moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na bugali unapikwa siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilijaribiwa katika vijiji vya Popokabaka, Kwango, na ilienea kwa sababu mama waliifundishana wao kwa wao. Haichukui nafasi ya kuloweka, ni nyongeza. Inastahili kujulikana katika kila kiwanja cha mashariki kinachokula muhogo.

Sababu nyingine ya kusitasita ni miiko, na hapo heshima inahitajika pande zote. Mwislamu hatakula ngulube hata ikipikwa na rafiki yake mpenzi, Mwadventista pia. Kuna koo ambazo hazigusi mnyama au samaki fulani. Anayekataa kwa ajili ya mwiko hajamtukana mwenye sahani, na mwenye sahani hana haki ya kumsukuma kwa mzaha. Lakini mwiko ni jambo moja na kukunja pua ni jingine. Hii ya pili watoto wanaiona haraka.

Jambo la mwisho linawahusu wazee. Mapishi mengi ya Masisi, ya Fizi, ya Djugu, ya Shabunda hayajaandikwa popote. Yamo ndani ya vichwa vya mama na bibi ambao sasa wanaishi mjini, mbali na mashamba yao, wakipika kile ambacho soko linatoa. Mwanamke aliyezoea uyoga wa msitu wake hawezi kuupata Goma, na binti yake aliyezaliwa mjini hajawahi kuuona. Malawi iliipeleka nsima yake UNESCO, na mwaka 2017 ikaandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ni ndugu wa bugali kabisa! Hapa haihitajiki UNESCO kwa kuanzia. Vijana wenye simu, wale wanaorekodi keki ya ndizi, wangeweza kugeuza kamera upande wa bibi wa chumba cha nyuma, kwa ruhusa yake, na kuiacha iwake muda wote wa kutwanga na kuchemsha, bila kukata.

Swali la kuanzia si gumu: "Mama, ile sombe yako unaipikaka namna gani?" Wengi watacheka kwanza, kwa mshangao wa kuulizwa. Kiisha watasema njoo siku ya posho, mapema. Na anayekwenda asiende mikono mitupu. Abebe makala, maana sombe inakaa motoni muda mrefu, na bei ya gunia la makala kila mkaaji wa Goma anaijua.